Kuondoa Magari ya Kupita katika Bustani ya Jiji: Mwongozo kwa Manispaa na Kamati za Wakazi

Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walipochora ramani ya bustani ya Central Park mjini New York mwaka 1858, injini ya petroli ilikuwa haijafika barabarani, lakini walikwisha kutambua kwamba mji wenye haraka hautakubali kuizunguka bustani ndefu kiasi hicho na kwamba siku zote utataka kuikata. Kwa hiyo walizichimbia chini barabara nne za kuvuka kutoka mashariki kwenda magharibi, mikokoteni na magari ya farasi yakapita humo bila kumsumbua aliyekaa kwenye nyasi. Kosa lilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1899 magari ya injini yaliruhusiwa kwenye barabara ya ndani, ile ya mzunguko yenye urefu wa takriban kilomita 10 iliyokusudiwa matembezi, na kadiri miaka ilivyokwenda barabara hiyo ikageuka njia ya mkato ya watu wanaowahi kazini. Kuyatoa kulichukua miaka 52: yalianza kuzuiwa kwa saa kadhaa za mwisho wa juma mwaka 1966, yakaondolewa katika sehemu iliyo kaskazini ya mtaa wa 72 mwaka 2015, na tarehe 27 Juni 2018 barabara yote ya ndani ikafungwa. Zile nne za chini zinapitisha magari hadi leo.

Mwongozo huu unasimama juu ya tofauti hiyo, yaani tofauti kati ya gari linalomleta mtu bustanini na gari linaloitumia bustani kama uchochoro wa kukwepa foleni. Kampeni nyingi za aina hii hushindwa kwa sababu huyatia magari yote katika kapu moja, zikajikuta zinapigana siku ya kwanza na bibi aliyeletwa na mjukuu wake kupunga upepo, ilhali tatizo kubwa ni yule dereva ambaye, ukimuuliza, hajui hata kama bustani hiyo ina bwawa.

Kabla ya kuanza, kamati iwe na hoja ya afya inayoweza kuelezwa kwa dakika mbili mbele ya baraza la madiwani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kwa wakazi wengi wa mjini wasio na uwezo wa kulipia ukumbi wa mazoezi, bustani ya umma ndiyo mahali pekee pa kuyafanyia. Lakini anayekimbia huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa, tena huivuta kwa mdomo, hivyo moshi uleule humwingia kwa wingi zaidi yule anayejaribu kujenga afya yake. Katika miongozo yake ya mwaka 2021, shirika hilo lilishusha kiwango kinachokubalika cha PM2.5, yaani chembechembe laini za vumbi na moshi zilizomo hewani, hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kiwango ambacho miji mingi duniani haijakifikia. Ongezeni kelele, ambayo huvuruga usingizi na kupandisha shinikizo la damu, na ongezeni ajali za barabarani, ambazo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ikiwa mtu atasema kwamba magari ya umeme yatamaliza yote hayo, jibu ni kwamba breki na matairi pia hutoa vumbi laini, na kwamba gari la umeme likimgonga mtoto humuumiza sawasawa na la dizeli.

Hatua ya kwanza: fahamuni barabara ni ya nani

Jambo hili ni la karatasi tu, lakini limezika mipango mingi. Bustani inaweza kuwa ya manispaa huku barabara inayoipita ikiwa chini ya mamlaka nyingine kabisa. Nchini Tanzania barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala uitwao TARURA tangu mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala mwingine, TANROADS. Nchini Kenya kuna mamlaka iitwayo KURA kwa barabara za mijini zilizo chini ya serikali ya taifa, wakati Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti mamlaka juu ya barabara za kaunti, maegesho, na bustani za burudani. Andikeni barua ya kuuliza, mpate jibu la maandishi lenye mhuri, kisha ndipo muitishe mkutano. Kamati inayokwenda kumlilia diwani kuhusu barabara ambayo si yake hupoteza miezi na humfanya diwani huyo aone aibu, na diwani aliyeaibika si rafiki wa mtu.

Hatua ya pili: hesabuni magari, na mjue yanakwenda wapi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na haihitaji mitambo. Wekeni watu wawili katika kila lango, mmoja wa kuhesabu na mmoja wa kuandika, wagawe saa katika vipindi vya dakika 15, na wahesabu siku ya kazi isiyo na jambo la pekee, kwa mfano Jumanne au Jumatano, na pia Jumapili. Muda wa kuhesabu uwe kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, na tena kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 2 usiku, kwa sababu hapo ndipo njia ya mkato inapojidhihirisha. Fomu iwe na safu za magari madogo, daladala au matatu, malori, bodaboda, bajaji, baiskeli, na waenda kwa miguu. Msisahau safu hizo mbili za mwisho: mara nyingi ndizo zinazoshinda hoja, kwani wengi huamini kwamba barabara imejaa magari mpaka waonyeshwe kwa tarakimu kwamba wanaotembea ni wengi kuliko wanaoendesha.

Kuhesabu peke yake hakutoshi. Mwandishi wa kila lango aandike pia tarakimu tatu za namba ya gari pamoja na herufi ya mwisho, na dakika lilipoingia au kutoka. Jioni linganisheni orodha. Tuseme barabara ya bustani yenu ina urefu wa kilomita 1.5, gari lililo katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa huimaliza kwa dakika tatu, na mkiliachia nafasi ya foleni na matuta mnaweza kuweka kikomo cha dakika nane. Gari lililoingia lango la mashariki na kutoka lango la magharibi ndani ya dakika nane halikuleta mtu kupumzika. Tuseme tena kwamba katika saa moja ya asubuhi yaliingia magari 400, na 340 kati yake yakatoka upande wa pili ndani ya muda huo: hapo mnaweza kusimama mbele ya mtu yeyote mkasema kwamba magari 85 katika kila 100 hayana shughuli yoyote na bustani. Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko kurasa 20 za malalamiko. Mkishamaliza kulinganisha, teketezeni orodha za namba mbele ya mashahidi, ili asitokee wa kusema kwamba kamati inawapeleleza watu.

Hatua ya tatu: pimeni hewa na kelele mapema

Vipimo vilivyochukuliwa baada ya magari kuondoka, bila vya awali vya kulinganishia, havithibitishi kitu. Kwa naitrojeni dioksidi, gesi inayotoka katika moshi wa magari, njia ya bei nafuu ni mirija midogo ya plastiki yenye kemikali ndani, ambayo hufungwa kwenye nguzo kwa wiki mbili hadi nne kisha hupelekwa maabara. Kwa vumbi laini kuna vifaa vidogo vya kielektroniki. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, umekuwa ukiunda vifaa vya namna hiyo vinavyostahimili joto, vumbi, na umeme unaokatika, nao umevisambaza katika miji mbalimbali ya Afrika. Wekeni kimoja kando ya barabara ya ndani, kingine katikati ya bustani mbali na barabara, na cha tatu katika mtaa wa jirani ambao mnatarajia magari yatahamia. Hicho cha tatu ndicho watu hukisahau, na ndicho kitakachoulizwa.

Tahadhari moja: msiahidi kwamba hewa ya mji mzima itabadilika. Bustani iliyozungukwa na barabara kubwa itaendelea kupokea moshi wa jirani zake, na upepo wa kaskazi au wa kusi unaweza kubadilisha vipimo kuliko uamuzi wowote wa manispaa. Kinachoshuka kwa uhakika ni moshi unaotoka umbali wa mita chache na kelele, na pia hatari ya mtoto kugongwa akifuata mpira, na hayo yanatosha kuutetea mpango bila kutia chumvi.

Hatua ya nne: kaeni na wanaodhani watapoteza

Watakuwepo wa makundi manne: wenye ulemavu na wazee, wafanyabiashara, wakazi wa mitaa ya jirani, na madereva wa bodaboda na teksi. Msiwaite wote siku moja. Makundi mawili ya kwanza yamo hapa; bodaboda na wakazi wa jirani wamo katika hatua ya sita na ya saba.

Kuhusu kundi la kwanza, mfano wa kujifunza ni bustani ya Golden Gate mjini San Francisco. Barabara yake iitwayo JFK Drive ilikuwa ikifungwa Jumapili tangu mwaka 1967, na mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, ikafungwa siku zote. Upinzani mkali haukutoka kwa madereva wa kupita, ambao ni vigumu kusimama hadharani wakatetea njia yao ya mkato, bali kwa watu wenye ulemavu waliosema wamefungiwa nje ya bustani yao wenyewe, na kwa makumbusho yaliyomo humo. Jiji lililazimika kuongeza nafasi za maegesho zilizotengwa kwa wenye ulemavu karibu na makumbusho na kuboresha basi dogo la bure linalozunguka ndani. Mwaka 2022 halmashauri ya jiji ilipitisha ufungaji wa kudumu, na mwezi Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakauidhinisha kwenye sanduku la kura. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: maegesho ya wenye ulemavu na njia yao ya kuingilia vichorwe kwenye ramani ya kwanza kabisa, wala visije kama kiraka baada ya malalamiko. Waalikeni wenyewe waitembee njia hiyo kwa viti vyao vya magurudumu, wakiwa na mtu anayeandika kila ukingo wa sementi unaowakwamisha.

Wafanyabiashara, hasa mama lishe, wauza madafu, na wauza kahawa, huogopa kwamba gari likiondoka mteja ameondoka. Hofu hiyo haifai kubezwa, maana wao ndio wanaolala na njaa mpango ukiharibika. Wasaidieni kuhesabu wateja wao kwa wiki mbili kabla ya majaribio, kila mmoja katika daftari lake, ili wawe na cha kulinganisha. Wapewe pia nafasi karibu na malango na kando ya barabara iliyofunguliwa kwa watembeao, na ruhusa ya kuleta bidhaa kwa gari kabla ya saa 1 asubuhi.

Hatua ya tano: anzeni na saa chache

Hakuna haja ya kuomba kila kitu siku moja. Bogotá ilianza kufunga barabara zake kwa magari mwaka 1974, na leo hufanya hivyo kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, katika mtandao unaozidi kilomita 120. Kigali ilianza siku yake ya kutotumia magari mwaka 2016, ikiwa mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili. Asubuhi ya Jumapili barabara zilizochaguliwa hufungwa, watu hukimbia na kufanya mazoezi ya viungo kwa pamoja, na wahudumu wa afya huwapima shinikizo la damu na sukari papo hapo. Mpango wa Kigali unafaa kuigwa kwa sababu hiyo hasa: anayekwenda kutembea anarudi nyumbani akijua namba yake ya presha, na hapo mpango wa barabara unageuka kuwa mpango wa afya machoni pa kila mtu, akiwemo waziri wa fedha.

Ratiba inayofaa kwa bustani nyingi ni hii: miezi mitatu ya Jumapili asubuhi; kisha mwisho wa juma mzima; kisha, wakati wa likizo ya shule ambapo foleni za asubuhi hupungua zenyewe, wiki sita hadi nane za siku zote. Bustani ya Prospect Park huko Brooklyn ilifuata mantiki hiyo: sehemu ya mwisho iliyokuwa ikipitisha magari ilifungwa kwa majaribio majira ya kiangazi ya mwaka 2017, na mwezi Januari 2018 ufungaji ukawa wa kudumu. Tangazo la majaribio liseme wazi tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na vipimo vitakavyotumika kuamua, kwa maana majaribio yasiyo na tarehe ya mwisho huonekana kama hila.

Hatua ya sita: vizuizi, funguo, na suala la bodaboda

Mapipa yaliyojazwa maji au mchanga yanatosha kwa majaribio. Kwa kudumu, tumieni nguzo za chuma zinazochomolewa, na njia ya katikati ibaki na upana wa mita 3.5 hadi 4 ili gari la zimamoto na la wagonjwa lipite. Ufunguo mmoja uwe kituo cha zimamoto, mwingine hospitali iliyo karibu, wa tatu kwa mlinzi wa zamu, na kila mwezi mtu azichomoe nguzo zote kuhakikisha hazijashika kutu.

Tatizo la miji yetu ni kwamba nafasi yoyote inayopitisha kiti cha magurudumu hupitisha pikipiki. Nguzo haitatatua hili. Malango ya kupindapinda yaliyobuniwa kuzuia pikipiki humzuia kwanza mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye kigari cha mtoto, wakati kijana wa bodaboda hushuka, akaliinua gurudumu, akaendelea. Kinachofanya kazi ni makubaliano: wapatieni kijiwe rasmi chenye kivuli nje ya kila lango, viongozi wao wa chama waingie katika kamati, na adhabu ya anayekatiza ndani itolewe kwanza na kijiwe chenyewe kabla ya askari wa usalama barabarani. Dereva anayepata abiria langoni kwa sababu bustani imejaa watu ana sababu yake mwenyewe ya kulinda utaratibu.

Hatua ya saba: fuatilieni magari yalikokwenda

Wakazi wa jirani watasema kwamba mmewamwagia taka zenu. Jibu la haki lina sehemu mbili. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2002, ukikusanya visa zaidi ya 70 kutoka nchi 11 ambako barabara zilipunguzwa au kufungwa, ulionyesha kwamba sehemu ya magari haikuhamia popote: watu walibadili saa, njia, usafiri, au waliunganisha safari. Kupungua kwa kati katika visa hivyo, yaani kwa kisa kilicho katikati vyote vikipangwa kwa ukubwa, kulikuwa takriban asilimia 11. Ila sehemu nyingine ilihamia, na ndiyo maana mlihesabu na kupima katika mitaa ya jirani. Huko wekeni matuta, vivuko vya watoto wa shule, na kikomo cha kilomita 30 kwa saa kabla ya siku ya kwanza ya majaribio. Mkichelewa hata wiki mbili mtaa huo utakuwa umekwisha kuchukia bustani, na chuki ya mtaa haiondoki kwa tuta.

Bustani zilizo pembezoni mwa mji zina nafuu hapa. Casa de Campo ya Madrid, yenye zaidi ya hekta 1,700, ilikuwa uchochoro wa asubuhi hadi mwaka 2007 ilipofungwa kwa magari ya kupita, na wenye kuja kutembea wakaendelea kufika kwa malango yaliyoachwa wazi.

Hatua ya nane: pangeni barabara iliyobaki tupu

Lami pana isiyo na magari haikai tupu kwa muda mrefu. Baiskeli za mashindano huijaza alfajiri, na yule aliyekuwa akiogopa gari huanza kuogopa baiskeli. Mwaka 2014, ndani ya Central Park, waenda kwa miguu wawili waligongwa na waendesha baiskeli katika ajali mbili tofauti na wakafariki. Jiji likashusha kikomo cha mwendo katika barabara za ndani hadi maili 20 kwa saa, yaani takriban kilomita 32. Chorani njia mbili zenye rangi tofauti, ya watembeao iwe pana zaidi, na vivuko viwe pale watu wanapovuka kweli, ambapo nyasi zimekwisha kuchakaa kwa nyayo, hata kama pametofautiana na ramani ya mhandisi. Pandeni miti ya kivuli mapema, kwani saa 7 mchana ya mwezi Februari pwani hakuna atakayetembea kwenye lami iliyo wazi, na maji ya kunywa yapatikane bila kununua chupa.

Hatua ya tisa: rudieni hesabu, kisha ombeni sheria ndogo

Mwezi mmoja kabla ya majaribio kwisha, rudieni hesabu ya hatua ya pili kwa fomu zilezile, siku zilezile za wiki, malango yaleyale na saa zilezile. Msiongeze siku ya tamasha ili idadi ipande. Mpinzani mmoja akiligundua hilo, tarakimu zenu zote zitakuwa zimekufa. Pelekeni taarifa yenye kurasa zisizozidi nne: waliotembea kabla na sasa, magari ya mitaa ya jirani kabla na sasa, vipimo vya hewa na kelele, daftari za wauzaji, na orodha ya malalamiko pamoja na kilichofanywa kwa kila moja, likiwemo lile ambalo hamkuweza kulitatua. Pamoja na taarifa, wekeni rasimu ya sheria ndogo ya halmashauri inayotaja barabara kwa jina, saa, magari yaliyosamehewa, faini, na ofisi inayoshika funguo. Amri ya mdomo ya meya hudumu kadiri meya anavyodumu, na mwaka wa uchaguzi hauko mbali kamwe, kwa hiyo rasimu ifike kwa mwanasheria wa halmashauri wakati watoto bado wanajifunza baiskeli kwenye lami hiyo.